Senene Niliwala Mimi, Aliyefukuzwa ni Ma Kemilembe

Kwa Ma Theopista, ukurasa wa nyumba na ndoa

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie, maana tangu niolewe nalia kila siku, nusu kwa furaha na nusu kwa aibu, na sasa hata mwenyewe siwezi kuyatenganisha machozi hayo. Mimi ni bibi arusi mpya hapa Muleba, nilisoma sekondari ya wasichana kule Tabora hadi darasa la kumi, tukafunga ndoa kanisani mwezi wa Septemba, na tangu siku hiyo nimo ndani kama desturi yetu inavyotaka, mugole, yaani bibi arusi, hatoki, hashiki jembe, habebi mtungi, hasemi na wakwe ila kwa kunong'ona, kazi yake ni kupakwa samli na kunenepa, na kama ningeolewa na mtu mwingine ningekufa kwa uchovu wa kukaa, lakini nimeolewa na Rwegasira. Majina ya watu wote humu nimeyageuza kama mnavyotaka, ila la mume wangu nimeshindwa, kila nikiandika jina jingine kalamu inagoma.

Rwegasira ni mwalimu Bukoba mjini na huja kwa basi kila Jumamosi, na mimi mlio wa basi lile naujua likiwa bado linapanda mlima, moyo unaanza kwenda mbio kabla hata mbwa hawajabweka. Hajawahi kuja mikono mitupu. Ameniletea kitana, sabuni ya kunukia, gazeti hili lenu kila linapotoka, na kikombe chenye picha ya Malkia ambacho tunanywea chai sote wawili kwa zamu, yeye upande wa taji na mimi upande wa pili, kisha tunageuza. Chumba chetu na sebule vimetengwa kwa pazia la maua mekundu alilonichagulia mwenyewe dukani, na akishaingia nyuma ya pazia lile dunia nyingine naisahau.

Sasa ukaja msimu wa senene. Wewe ni mtu wa Buhaya, unajua, kwetu mwanamke huwakamata senene, huwanyonyoa mabawa na miguu, huwakaanga, halafu huwasogeza mbele ya mwanamume na kuondoka, kuonja ni mwiko, na mimi tangu utoto nimewanyonyoa mpaka vidole vikanuka wiki nzima bila kujua ladha yao. Jumamosi moja jioni nikamwambia Rwegasira kwa utani tu, "Mwenzangu, hivi hao wakoje?" Akacheka, akatoka, akarudi na jani la mgomba lililokunjwa, akaniambia, "Fumba macho, fungua mdomo." Ma Theopista! Alinilisha mmoja mmoja kwa mkono wake, na kila mmoja ananiuliza, "Huyu je?" nami namjibu, "Huyu amemshinda yule," mpaka jani likabaki tupu, na nikamwambia Mungu asante kwa kunipa mume ambaye hakuona mwiko ila aliniona mimi.

Kumbe aliwatoa kwenye furushi la baba yake. Baba mkwe, Mzee Rugaibula, ni mzee wa kanisa, na furushi lile lilikuwa limening'inizwa juu ya meko likiwasubiri wazee wenzake waliokuwa waje kula kesho yake baada ya ibada. Aliyewakaanga senene hao na kuwafunga ni Ma Kemilembe. Huyu ni mjane wa Buberwa, kaka mkubwa wa mume wangu, ana mabinti wawili walioolewa mbali na hakujaliwa mtoto wa kiume, alikuwa akiishi katika nyumba ndogo mwisho wa kibanja, yaani shamba la ukoo, katikati ya migomba na mibuni waliyoipanda yeye na marehemu. Yeye ndiye aliyekuwa akinihudumia humu ndani, maji ya kuoga, samli, chakula, na Jumapili ile asubuhi aliingia kufagia akalikuta lile jani na chembechembe za senene chini ya kitanda, akaniangalia, akasema tu, "Mugole, hili jani ngoja nikalitupe mbali." Nami nikaona haya, nikajifunika shuka.

Mchana wazee wakaja, wakaketi sebuleni, mama mkwe akalishusha furushi na kulipima mkononi. "Nani amelifungua hili?" Baba mkwe akamwita Ma Kemilembe.

"Njoo hapa. Fungua mdomo nikunuse."

Mshauri, mwanamke wa umri ule, mjane, alipiga magoti sebuleni akafungua mdomo, na mzee wa kanisa akamnusa kama anavyonuswa mbwa aliyedokoa, na mimi nyuma ya pazia nikaziba mdomo wangu kwa mikono yote miwili.

"Tata, mimi sijala," akamwambia baba mkwe.

"Hukula? Basi wameruka wenyewe? Wamekaangwa na chumvi halafu wakaruka?"

Wakacheka. Mmoja wao, Mzee Datius, akasema, "Mwanamke akila senene huzaa mtoto mwenye kichwa cha panzi."

"Huyu hata hicho cha panzi hakukileta!" akajibu mama mkwe, na hapo sauti yake ikabadilika kabisa. "Kumbe ndiyo sababu! Kumbe mwanangu Buberwa amekufa bila mrithi kwa sababu ya tumbo lako! Umekuwa ukila senene tangu tulipokuoa!"

Ma Kemilembe akageuka akalitazama pazia. Akalitazama tu, halafu akainamisha kichwa. Akaambiwa jua lisizame akiwa ndani ya kibanja, eti mwanamke anayekula senene amewadharau wanaume wote wa ukoo, waliokufa na walio hai. Na kabla hajaondoka, Ma Theopista, aliniletea maji yangu kama kila siku, akayaweka nyuma ya pazia akasema, "Mugole, oga, maji yasipoe." Sasa anaishi kwa Bwana Bashiri mwenye duka, Mwislamu, ambaye mkewe Mastura amempa pembe ya jikoni na mkeka. Jioni ile ile baba mkwe alituongoza katika sala, akawaombea wajane wa dunia nzima kwa sauti ya kutetemeka, nami nikajiuliza kama hiyo dunia nzima huanzia ng'ambo ya ziwa.

Utaniuliza Rwegasira alikuwa wapi. Alikuwa pale pale kati ya wanaume, amevaa viatu vipya, akivitazama. Alipoingia kwangu nikamwambia, "Twende tukaseme." Akanishika mkono kwa upole kama anavyoshika yeye peke yake, akaniambia, "Mpenzi, nyamaza. Nikisema, nitaonekana mwanamume gani, anayemlisha mke senene kwa mkono? Na baba ataaibika mbele ya wazee wenzake."

"Na Ma Kemilembe?"

"Ana kaka zake kisiwani Bumbire, watamchukua. Ni mzima yule. Usijiumize kwa mambo ya ukoo, wewe ni mugole."

Halafu akanichorea tena nyumba yetu, maana siku ya pili ya Noeli ukoo utakaa na kumkabidhi kile kipande cha mwisho wa kibanja, na siku hiyo hiyo mimi nitatolewa nje kwa ngoma na vigelegele, na hapo tutajenga nyumba ya bati yenye madirisha ya vioo yanayotazama ziwa, nitapanda mawaridi mlangoni, na asubuhi tutakunywa chai yetu huku tunaviona visiwa.

Nimeomba sana, Ma Theopista. Nimefunga. Ninamtetea Ma Kemilembe kwa maombi kila usiku. Lakini maji ya kuoga sasa ananiletea msichana mwingine, na kila siku nayaacha mpaka yanapoa. Je, kula senene ni dhambi mbele za Mungu? Je, mke Mkristo anaweza kumpinga mumewe anayempenda hivi? Na je, maombi hayatoshi? Naogopa nikisema nitaivunja furaha ambayo hata Noeli haijaiona.

Ni mimi,
Mugole wa Muleba


MA THEOPISTA ANAJIBU

Mugole,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliifurahia, maana na mimi niliwahi kuwa mugole, na ndoa yenye vicheko ni zawadi ya Mungu, mtu yeyote asikuonee wivu kwayo. Mara ya pili nilikuwa namtafuta Ma Kemilembe yuko wapi humo ndani. Nikamwona amebanwa kati ya kikombe cha Malkia na madirisha ya vioo.

Nianze na lililo jepesi. Kula senene si dhambi. Ni panzi. Mwanao atazaliwa na kichwa cha kwenu, na kama kitakuwa kigumu atakuwa amekitoa kwa babu yake. Na tusidanganyane, sisi tunaokaanga tunaonja. Miaka yote hii wanaume wa Buhaya wanakula mabaki yetu wakidhani ni heshima yao.

Huyo babu sasa. Namjua mtu wa namna yake, tunao hata hapa Kitendaguro. Alichoma hirizi zake mbele ya mchungaji, akawafukuza waganga, akaacha pombe ya rubisi mchana, na usiku sina habari zake. Lakini Injili ilipofika kwenye bakuli la senene ikaambiwa isubiri nje. Mtu huyu amepewa kazi ya kuwaangalia wajane wa usharika, na amemwangalia mmoja, naam, mpaka kooni, akamnusa. Halafu akapiga magoti kuwaombea wajane wa mbali ambao hawali kwake wala hawana migomba anayoitamani. Sala za namna hiyo ni rahisi sana. Na wale wenzake waliocheka, waliokuwa wametoka kupokea baraka saa ile ile kanisani, sijui baraka hiyo waliiweka mfuko gani.

Nyumba iliyofungua mlango ni ya Bwana Bashiri. Hakuuliza mjane ni wa dini gani wala amekula nini. Mastura akatandika mkeka. Mtakapoimba Noeli kanisani, mkumbuke kwamba mwaka huu aliyekosa nafasi kwenu amepata nafasi kwao.

Sasa nije kwa mumeo. Unasema hakuona mwiko ila alikuona wewe. Maneno mazuri, lakini kuvunja mwiko nyuma ya pazia, mlango umefungwa, huku mtu mwingine akikamatwa kwa kosa hilo, mtoto yeyote mwenye njaa anaweza. Kwako alikuwa shujaa wa kufumba macho. Sebuleni alikuwa mwanafunzi wa viatu vyake. Unasema anakushika mkono kwa upole kama yeye peke yake. Sawa, upole ni mzuri, ila siku ile aliutumia kukuzuia usiinuke.

Umegeuza majina yote ukaliacha la kwake. Nami nimeliacha, makusudi. Akina Rwegasira wa Muleba ni wengi kama migomba. Asiyehusika atacheka, anayehusika masikio yatamwaka moto.

Na wewe, mwanangu. Usidhani utapona kwa kuwa umelia. Unaniambia unamtetea Ma Kemilembe kwa maombi. Unamtetea kwa nani? Mungu anamjua aliyekula senene. Ambaye hakujua ni Mzee Rugaibula, naye alikuwa ng'ambo ya kitambaa chenye maua mekundu. Na huko kufunga kwako, umefunga kula nini? Maombi ni pumzi ya Mkristo, mimi ni wa mwisho kuyadharau, lakini mtu anayetumia pumzi yake yote kuomba na habakizi hata ya kusema neno moja, huyo anajificha. Anajificha mahali patakatifu, basi. Bwana wetu hakututetea akiwa nyuma ya pazia. Alitoka hadharani, mchana, watu wakamcheka, na ndiyo sababu unaitwa Mkristo. Kumtetea anayeonewa si pambo la imani ambalo utalivaa ukishatolewa nje kwa vigelegele. Ukiliondoa hilo, kinachobaki ni nyimbo na samli.

Katika nyumba hiyo yote ni mtu mmoja tu aliyefanya kazi ya Kristo Jumapili ile. Alikuwa na jani mkononi asubuhi. Angeweza kusema, "Nuseni na nyuma ya pazia." Alibeba lisilo lake, akakuletea maji. Nawe usije ukaniambia kwamba yeye naye alinyamaza. Anayeonewa akinyamaza ili akulinde, na anayefaidika akinyamaza ili ajilinde, hawafanyi jambo moja.

Nimesema anayefaidika. Hapo ndipo palipo na kidonda, nawe umenionyesha bila kutaka. Umeuliza maswali, na lililo kubwa hukuliuliza. Hicho kipande cha mwisho wa kibanja ni cha nani? Nyumba ndogo katikati ya migomba aliyoipanda mjane na marehemu, hiyo iko wapi? Mawaridi yako utayapanda juu ya nini? Walikuwa wanatafuta sababu ya kumtoa mwanamke asiye na mtoto wa kiume, na wewe na mumeo mkaitengeneza mkicheka, mkaifunga katika jani la mgomba. Naamini hamkukusudia. Lakini tangu siku ile mnajua, na mumeo bado anachora madirisha.

Unaogopa kuivunja furaha yako. Furaha inayohitaji mjane alale jikoni kwa watu ndipo isimame, mimi siiti furaha. Mume anayekupenda kweli atakasirika juma moja, kisha atakuheshimu mpaka kufa. Na kama hatakuheshimu, ni afadhali ulijue sasa kuliko ulijue ukiwa na watoto sita.

Basi fanya hivi. Gazeti hili atakuletea yeye mwenyewe Jumamosi, kama kawaida yake, kabla ya Noeli. Mpe asome kwa sauti, asiruke mahali. Akimaliza, mwambie Jumapili baada ya ibada, wazee wale wale wakishaketi kusubiri chakula, na hawakosi, ataingia sebuleni aseme, "Senene niliwatoa mimi." Nawe utasema, "Niliwala mimi." Basi, maneno hayo yanatosha, usiongeze hadithi ya kufumba macho, hiyo ni yenu. Akikataa, nenda peke yako. Vuta pazia. Watakuambia mugole hasemi mbele ya wakwe. Waambie utarudi ndani ukishamaliza kusema. Mzee Rugaibula akitaka kunusa, mfungulie mdomo.

Na kabla hawajaanza kukohoa, mumeo aseme mbele yao kwamba kwa Ma Kemilembe hajengi, wala siku ya pili ya Noeli, wala siku nyingine. Wakijaribu kumpa mtu mwingine kipande hicho, nendeni na Ma Kemilembe kwa mchungaji, na mchungaji akiumwa kichwa siku hiyo, nendeni kwa mkungu, yule mkuu wa kijiji, na baraza la gombolola lililo juu yake, nyinyi wawili mkiwa mashahidi. Mmesoma, mdomo mnao. Nyumba ya vioo itasubiri. Kama mnapendana kama unavyoandika, hilo pazia linawatosha miaka mingi.

Halafu toka nje. Ndiyo, wewe, mchana, kwa miguu yako, bila ngoma. Nenda kwa Bwana Bashiri, msalimu Mastura kwa heshima, umshukuru, maana amefanya kazi yenu. Kisha umpigie magoti Ma Kemilembe, umwambie ukweli anaoujua tayari, na umwulize kama anataka kurudi. Hilo ni lake kuamua, usimkokote kama zawadi. Akikubali, furushi lake libebe wewe kichwani, wewe usiyetakiwa kubeba hata kibuyu, mpite njia kuu mbele ya kanisa ili kila aliyecheka aone vizuri. Ukimfikisha kwake, fagia nyumba, washa moto, chota maji, uyapashe, uyaweke karibu naye.

Mwambie aoge, yasipoe.

Ma Theopista